Asumini Juu ya Injini

Tulimzika Mama Habona mwezi uliopita kule Idsowe. Mjukuu wake mmoja anayefanya kazi Mombasa alileta shada la maua ya plastiki, jeupe, lenye utepe wa zambarau, akaliegemeza kwenye msalaba. Watu walilisifu. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema uzuri wake ni kwamba jua la huku haliwezi kulifanya kitu. Baada ya maziko Habona, ambaye mwaka ninaotaka kuueleza alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na sasa ni nyanya wa watu, alinishika mkono akanipeleka kwa wageni waliotoka mbali. "Huyu ndiye Mzee Jillo," akawaambia. "Huyu ndiye aliyekuwa akimpelekea Mama maua yake kwenye basi. Mama alimtaja mpaka mwisho." Wageni walinipa mikono mmoja mmoja. Kijana mmoja, mpole sana, aliinama kidogo akasema, "Asante sana, babu." Nimeandika haya kwa sababu ya ile asante. Nimekuwa nayo mwezi mzima na sijapata mahali pa kuiweka.

Habari za wazazi wangu na kwetu nilikotoka hazihusiki hapa. Inatosha kusema kwamba nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunifikisha popote, nikaja Garsen kutafuta kazi nikiwa na mashati mawili na Kiswahili sanifu, nikiamini kwamba hicho cha pili ni mali. Kazi niliyoipata ilikuwa ya maua. Vijana wa leo nikiwaambia kwamba Garsen ilikuwa na biashara ya maua ya jumla wananitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, kwa sababu wao wanaijua Garsen ya ng'ombe, ya mikutano ya amani na ya malori. Lakini kando ya mto, kwenye udongo ule mweusi unaoachwa na mafuriko, wanawake kadhaa walikuwa na vichaka vya asumini, na aliyenunua asumini yote ile alikuwa mtu mmoja, Bi Esha, mwanamke wa Kipini, mwenye sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia akiipandisha. Aliipeleka Lamu kwa basi. Kule watungaji waliisubiri, wanawake ambao kazi yao ni kutunga makoja ya shingoni na vikuba, vishada vidogo vya kunukia, vya harusi, na harusi ya kule bila harufu ya asumini ni kama haijafungwa.

Lazima nieleze jinsi biashara ile ilivyokwenda, maana ukatili wake ulikuwa ndani ya ua lenyewe kabla sisi hatujaongeza wetu. Asumini haiuzwi ikiwa ua. Huuzwa ikiwa tumba, jeupe, lililofumba, likiwa limebakiza saa chache kufunguka. Tumba lililochumwa alfajiri litafunguka jioni ya siku hiyo hiyo, upende usipende, na kesho yake litakuwa limegeuka rangi ya chai. Mwenye mahindi akiona bei mbaya anarudi nayo nyumbani. Mwenye kuku anamrudisha kuku wake. Mwenye asumini hana mahali pa kurudi. Anachokiuza kinakufa mkononi mwake, na anajua kwamba mnunuzi anajua. Mnunuzi hahitaji kubishana wala kudanganya. Anahitaji tu kuchelewa.

Na Bi Esha alijua kuchelewa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Ghala lake lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya hoteli ya chai. Ndani kulikuwa na giza na ubaridi, mitungi mikubwa imevishwa magunia yaliyoloweshwa, na humo asumini ilikaa bila kufunguka hadi basi la kwenda Lamu lilipofika kutoka Malindi, jua likiwa limeshapanda. Nje, upande wa mashariki wa lile bati, ndipo wanawake waliposimama na vifurushi vyao vya majani ya mgomba. Walifika mapema sana, wengine wakiwa bado na umande miguuni. Bi Esha naye alikuwa ameshakaa mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi, sahani ya mahamri na bakuli la mbaazi za nazi. Hakutangaza bei kabla ya kumaliza. Alimenya hamri moja kama mtu anayemenya chungwa, akachovya, akatafuna, akauliza habari za watoto wa huyu na mguu wa mama wa yule.

"Bi Esha, maua yanaona joto," mmoja angesema.

"Na mimi naona joto, mwanangu. Yeo kuna joto kweli." Kisha angenigeukia mimi, anisogezee sahani. "Kaa, Jillo, ule. Jua halijapanda."

Nilikaa, nikala. Miezi ya kwanza mahamri yale yalinikwama kidogo, kwa kuwa macho ya wanawake wote yalikuwa kwenye mkono wangu. Baadaye hayakukwama. Ninapokumbuka sasa naona kwamba hakuna siku hata moja niliyoamua kuwa mtu mbaya. Nilikula tu, na kila asubuhi nilikula vizuri zaidi ya jana yake.

Kazi yangu ilikuwa kupokea na kuchambua. Niliyemkuta kazini alikuwa akifungua majani ya mgomba na kutazama maua hapo hapo. Mimi nilileta maarifa. Niliwaambia wanawake wamwage maua yao kwenye karatasi kubwa ya nailoni nyeusi niliyoitandika chini ya ukuta wa mabati, kila mtu na fungu lake, ili, nilivyosema kwa Kiswahili changu kizuri, ukaguzi ufanyike kwa haki na uwazi. Nailoni nyeusi juani inawaka kama kikaango. Haikuchukua muda, matumba ya juu yalianza kulegeza midomo. Hapo nilipita nikichuchumaa kwenye kila fungu, nikichukua moja kwa vidole viwili na kulinyanyua juu ili wote walione. "Limefumbua," nilisema. Fungu lililo na yaliyofumbua lilipewa bei ya yaliyofumbua, lote, ingawa ya chini yalikuwa mazima na usiku ule ule yangevaliwa na bibi harusi wa watu. Bi Esha alinitazama siku ya kwanza nilipofanya hivyo. Jioni aliponilipa alisema, "Wewe umesoma kweli." Nilikwenda nyumbani nikiendesha baiskeli kama mtu aliyepewa cheo.

Kando yetu alikuwa akikaa mwanamke mmoja wa Kiorma aliyeuza maziwa katika vibuyu, mtu mzima, mrefu, asiyemwogopa Bi Esha kwa kuwa hakuwa na kitu cha kumwuzia. Siku moja aliitazama ile nailoni kwa muda mrefu, akaniambia, "Wewe kijana. Maziwa yangu ikichacha, mimi nakunywa. Maua ya hawa ikichacha, nani nakunywa?"

Wanawake walicheka. Mimi nilimjibu kwamba maua hayachachi, yanafumbua.

"Haya," akasema. "Lakini mdomo yako ndiyo imefumbua sana."

Walicheka zaidi, na Mama Habona alicheka pamoja nao, akaufunika mdomo kwa ncha ya leso yake. Nililiona hilo. Nilikuwa nikilala nyumbani kwake, nikila chakula chake, na alinicheka mbele ya watu. Leo najua alicheka kama mama anavyomcheka mwanawe. Siku ile niliiweka moyoni, na asubuhi iliyofuata fungu lake lilikuwa la kwanza kunyanyuliwa tumba.

Mama Habona alikuwa mjane wa Idsowe, hajafika hata umri wa makamo, na alinipokea kwa sababu mwalimu mmoja alimwomba. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na kati yao ukuta uliofika usawa wa kichwa tu, hivi kwamba kikohozi cha chumba kimoja kilikuwa cha nyumba nzima. Mimi nilipewa chumba cha mbele, kitanda cha kamba na ndoo ya maji. Jioni alipika uani chini ya kibanda kidogo cha makuti, kambale waliokatwa vipande na kukaangwa mpaka ngozi ikakatika kwa meno, au wali wa mpunga wa huko huko, mwekundu kidogo, na mboga za kando ya mto. Chakula changu kilitengwa kabla ya cha watoto wake. Nikichelewa kilifunikwa kwa sahani nyingine na jiwe dogo juu, kwa ajili ya paka. Hakuniuliza kamwe kwa nini nilinyanyua tumba lake mbele za watu. Aliuliza tu kama mchuzi umekolea chumvi.

Nyuma ya nyumba, kuteremka mpaka karibu na maji, ndipo palipokuwa na vichaka vya asumini. Marehemu mumewe aliwahi kufanya kazi Kipini na kurudi na miche. Shamba lilikuwa la ukoo wao, na ndugu wa marehemu walimwacha alitumie, lakini hawakuyapenda maua. Jioni moja walikuja watatu, mkubwa wao akiitwa Buya, wakaketi chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa kitandani chumba cha mbele, na ukuta nimeshaueleza.

"Mama Habona," Buya alisema, "shamba la kando ya maji ni la mpunga na ndizi. Ndugu yetu alikaa Kipini mpaka akaanza kunukia. Tulimwacha. Sasa hayupo. Nani hapa amewahi kula ua akashiba?"

"Shemeji, maua yananunua mchele."

"Mchele gani? Sisi tunaona unatoka na majani ya mgomba na kurudi na majani ya mgomba."

Mwingine akacheka. Mtoto alilia, akanyamazishwa kwa ziwa. Kisha Buya alisema kwa upole, na ndiyo maana maneno yale nayakumbuka, "Sisi si watu wabaya. Tutangoja mpaka maji ya mto yapande. Tukiona haya maua yanalisha nyumba, yabaki, na wewe ubaki nayo. Tusipoona, tutang'oa, tupande mpunga. Na wewe na watoto mtahamia uani kwangu, mle chungu kimoja na mke wangu. Ndivyo wazee walivyofanya, na ndivyo itakavyokuwa."

Nilimsikia akisimama na kwenda kuwatolea maji ya kunawa. Uani kwa Buya maana yake aliijua yeye, niliijua mimi, na hata yule mtoto angekua aijue. Angekuwa mke wake. Walipoondoka alikuja mlangoni kwangu na taa ya chemni. "Umesikia?" Nikasema nilikuwa nimesinzia. Akasema, "Haya, lala," akijua kwamba nimesikia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jioni ile haikunitosha. Mtu mwingine angetoka pale na kufanya kila tumba la Mama Habona lionekane limefumba. Nafasi ilikuwa yangu, mkono ulikuwa wangu. Lakini nilikuwa na umri ule ambao mtu anataka kuonekana hodari machoni pa mtu mmoja tu, na mtu wangu alikuwa Bi Esha. Alinisifu mara moja, na tangu hapo niliishi nikitafuta sifa ya pili. Mama Habona alikuwa mwema kwangu bila kupima, na kwa hiyo wema wake niliuona kama hewa.

Njia ya kutokea aliipata mwenyewe. Mtungaji mmoja wa Lamu alishuka Garsen siku basi lilipoharibika, akaona yale mafungu juu ya nailoni, akaona na bei. Alipokuwa akizungukazunguka akisubiri basi litengenezwe alimvuta Mama Habona pembeni na kumwambia amtumie yeye moja kwa moja, ampe makanga wa basi kifurushi, yeye atatuma malipo kwa makanga huyo huyo, na bei aliyomtajia ilimfanya Mama Habona asimame katikati ya njia. Nayajua haya kwa sababu aliniambia mwenyewe jioni ile. Alikuwa amechinja kuku. Nilishangaa, kwa kuwa hakukuwa na sikukuu. Alinipa firigisi, ambayo kwao hapewi kijana, akakaa kwenye kigoda mkabala nami akinieleza huku akicheka peke yake, akisimama kila mara kuonyesha jinsi yule mwanamke wa Lamu alivyotembea. "Mara chache tu, Jillo. Mara chache zikifika vizuri, nanunua gunia la mchele, naliweka hapo mlangoni, Buya akija alikalie." Kisha akaniomba. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda Garsen kila alfajiri kwa baiskeli na ndiye niliyepakia maua ya Bi Esha kwenye basi. Je, ningeweza kubeba na kifurushi chake, nikampa makanga mkononi? Nikasema, "Bila shaka, Mama." Nilimaliza firigisi.

Asubuhi nilimwambia Bi Esha. Sikulazimishwa, sikuulizwa, sikulipwa. Nilimwambia wakati anachovya hamri, kwa sauti ya mtu anayeripoti, na nilimwonyesha kifurushi. Nilitegemea hasira. Alitafuna, akameza, akakivuta kifurushi kwake, akakifungua kidogo na kunusa.

"Kachuma vizuri," akasema. "Ana mkono mwepesi, huyu mama."

"Nikitupe?"

"Utupe kwa nini? Wewe mwizi?" Alinitazama kama niliyemvunjia heshima. "Mali ya watu, mwanangu. Amekupa upeleke, peleka. Panda nayo kwenye basi. Dereva ana kile kifuniko cha injini, hapo kando yake. Weka pale. Ni mahali pazuri, hapapotei kitu."

Nadhani wengi hawayakumbuki mabasi yale. Injini ilikuwa ndani, kando ya dereva, chini ya kifuniko cha bati ambacho abiria walikitumia kuchemshia uji wa watoto. Nilipanda, nikapakia vikapu vya Bi Esha nyuma, penye dirisha, pamoja na magunia yao yaliyoloweshwa. Kifurushi cha Mama Habona nilikiweka pale aliponiambia. Nakumbuka nilikiweka kwa mikono miwili, taratibu, nikahakikisha hakitaanguka. Makanga aliuliza, "Hii haitaungua, karani?" Nikamwambia ndivyo wanavyotaka kule.

Jioni Mama Habona alikuwa akinisubiri njiani, mtoto mgongoni. "Ulimpa mkononi?"

"Nilimpa."

"Akaweka wapi?"

"Nyuma. Penye hewa."

"Mungu akubariki, mwanangu." Alinipokea baiskeli, akaisukuma yeye mpaka nyumbani, mimi nikitembea mikono mitupu kando yake.

Nilifanya hivyo tena, na tena, mpaka ujumbe ukaja. Makanga aliniletea mimi na mimi nikamfikishia, neno kwa neno, nikiwa nimesimama uani kwake. Yule wa Lamu alisema alipofungua majani alikuta maua ya kahawia, yamepikwa, yananuka kama uji, na mara ya mwisho yalimwaibisha kwa watu wa harusi. Alisema asitumiwe tena. Mama Habona alisikiliza akiwa amechuchumaa, kambale mkononi, kisu mkononi. Alifikiri. Kosa alilitafuta kwake mwenyewe. Aliniuliza kama labda anachuma kwa kuchelewa. Labda maji aliyolowesha majani yalikuwa ya chumvi. Labda mkono wake, kwa kunyonyesha, una joto. Nilimwambia inawezekana. Siku zilizofuata nilimwona akiamka kabla ya jogoo, akiutumbukiza mkono kwenye mtungi wa maji na kuushika humo muda mrefu kabla hajagusa tumba la kwanza.

Alirudi ghalani kwetu. Bi Esha alimpokea kwa bashasha, akauliza habari za mtoto, akamsifu leso. Kisha aliwatangulizia bei wote waliokuwapo, fungu moja baada ya jingine, na la Mama Habona akaliacha juani mpaka honi ya basi ikasikika njiani. "Ulikuwa umepotea, Mama Habona. Tulidhani umepata bwana Lamu." Wanawake wengine walicheka, maana kucheka pale kulisaidia. Mimi nilicheka. Nilinyanyua tumba na kusema limefumbua, na safari hiyo nilikuwa nikisema kweli.

Hayo yaliendelea mpaka maji ya mto yalipopanda. Uliwadia mwezi wa Shaabani, ambapo Lamu watu huharakisha harusi kabla ya Ramadhani, na bei ya asumini kule ilikuwa imefika mahali ambapo sikuwahi kuisikia ikifika. Kwa wanawake wa kando ya mto haikuwa imesogea hata kidogo. Mimi na Bi Esha tu ndio tulioijua. Asubuhi moja nilitoka chumbani kwangu nikiwa bado sijanawa uso, nikakuta Buya na nduguze wameshafika shambani na majembe na mapanga. Walikuwa hawana hasira. Walikuwa wamekuja kufanya kazi waliyosema wataifanya. Mama Habona alikuwa katikati ya safu, kikapu kiunoni, anachuma. Hakuwasimamisha, hakulia. Walipong'oa kichaka alihamia kwenye hicho kichaka kilicholala chini, akachuma matumba yake, kwa kuwa matumba ya kichaka kilichong'olewa yako sawa mpaka jioni kama ya kichaka kilichosimama. Wanawake wa jirani, wale wale niliowapangia mafungu juu ya nailoni, walikuwa wamesimama mpakani na watoto wao wakitazama. Safu nzima ilikuwa imekwisha, wameingia ya pili, aliponiona.

"Shemeji," alimwambia Buya, "simameni kidogo. Huyu hapa ndiye mnunuzi. Mmesema hamjaona maua yakinunua mchele. Muulizeni yeye."

Buya alisimama. Aliegemea mpini wa jembe lake, akajifuta uso, akanitazama bila ubaya wowote. Nadhani kazi ile haikumpendeza. Nadhani alikuwa tayari kusikia neno litakalomrudisha nyumbani. "Haya, karani," akasema. "Sisi hatujui mambo ya maua. Wewe umesoma na ndiwe unayepima. Sema mbele ya watu wote hawa. Kikapu hiki cha leo kina bei au hakina?"

Mama Habona alikishusha kikapu kutoka kiunoni, akakileta mpaka miguuni pangu, akakiweka chini. Kilikuwa kimejaa. Sijawahi kuona matumba mazuri kama yale, marefu, meupe, yamefumba kama vidole vya mtoto aliyelala. Kwa bei ya Lamu ya wiki ile, kikapu kile kingenunua gunia lake la mchele na chenji ingebaki. Nilihitaji kulisema tu. Lakini nikilisema, wale wanawake mpakani wangejua mara moja nilichokuwa nikiwafanyia tangu niliposhika kazi, na yeye angejua, na kabla chai ya asubuhi haijaisha Bi Esha angejua kwamba nimesema. Niliwatazama wote. Nilichuchumaa kama nilivyozoea. Nilichukua tumba moja kwa vidole viwili, nikalinyanyua.

"Leo hakina bei," nikasema. "Soko limejaa."

Buya alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo ambalo asingependa liwe kweli. Alitema mate viganjani, akashika jembe. Mama Habona alilitazama lile tumba mkononi mwangu, si mimi. Kisha aliinama, akakichukua kikapu chake, akasimama nacho akiwa hana mahali pa kukipeleka. Niliendelea kuchuchumaa. Nilidhani atanilaani, na hata leo ningependa angenilaani. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila asubuhi.

"Jillo," akasema, "kazini utachelewa. Chai yako iko jikoni, na ndizi nimezifunika. Kale kwanza."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kigoda chake na kunawa mikono, huku nikisikia mizizi ikikatika kule chini, kwanza karibu, kisha mbali kidogo, safu kwa safu. Ndizi zilikuwa bado za moto. Nilizila zote.